Bikoni Namba Kumi na Nne

Jumanne moja ya mwezi wa tisa, saa nne asubuhi, mthamini wa mradi aitwaye Pantaleo aliegesha gari mbele ya zahanati ya kijiji cha Chisogolo, akateremsha meza ya kukunja, muhuri, daftari kubwa na kopo la rangi nyekundu. Alikuwa mtu wa utaratibu. Kila nyumba ilipigwa alama na namba, kila mti wa kudumu ulihesabiwa, kila mtu aliandikwa jina, umri na hali yake. Alipofika kwa Obadia, mfugaji wa mbuzi, alimkuta mkewe Devota akitwanga uwele, akaandika: “Mke, miaka ishirini na sita, mjamzito wa miezi saba.” Kisha akashukuru kwa kupewa kigoda.

Saa tisa alasiri aliwasomea wanakijiji tangazo. Eneo lote lililozungushiwa bikoni, zile nguzo fupi za zege walizozichimbia wapima ardhi, lingefunikwa na maji ya bwawa la kuzalisha umeme. Benki ya ng'ambo ilikuwa imekubali kukopesha, mkandarasi alikuwa anatoka ng'ambo nyingine, na umeme ungepelekwa kwenye mgodi ulio mbali. Wanakijiji wangepewa nyumba na mashamba mahali pengine, siku bwawa litakapoanza kujengwa. Siku hiyo ya Jumanne ndiyo ilikuwa tarehe ya ukomo. Tangu wakati huo, ndani ya bikoni, mtu asijenge, asikarabati, asipande mti wala asiongeze chochote. Mazao ya msimu yaliruhusiwa. Kupungua hakukutajwa.

“Tumeelewana?” aliuliza Pantaleo.

Watu wa Chisogolo ni wasikivu. Walijibu kwamba wameelewana.

Mto wa Chisogolo hutiririka siku arobaini kwa mwaka. Siku zilizobaki ni mchanga, na wanawake huchimba vishimo ndani yake wakakinga maji kwa kibuyu. Wataalamu wa benki walikuja kuupima katika siku arobaini hizo, wakaupima kwa uangalifu mkubwa, wakaondoka kabla haujakauka.

Tangu siku iliyofuata, hakuna kilichoongezeka ndani ya bikoni. Nywele hazikuota, na kinyozi wa kijiji akahamishia kazi yake kwenye kushona ndala. Sare za shule hazikuwabana watoto, jambo ambalo mwaka wa kwanza liliwafurahisha wazazi. Mipapai ilibaki na kimo kilekile. Mtama na uwele viliota na kukomaa kwa kuwa viliruhusiwa. Wazee waliendelea kufa, ng'ombe waliendelea kufa, na udongo juu ya mapaa ya tembe uliendelea kumomonyoka kila mvua iliponyesha, kwa kuwa hayo yalikuwa ni kupungua.

Mimba ya Devota ilibaki ya miezi saba. Muuguzi wa zahanati alimpima kila mwezi na kuandika saba, hata kadi ikajaa, akampa nyingine. Mtoto alicheza tumboni, hasa Devota alipokunywa uji wa moto. Mwaka wa nne walevi wa kilabuni walianza kumtania mumewe.

“Obadia, mimba ya mkeo imefikisha umri wa chekechea. Kaiandikishe!”

“Nitaiandikisha,” Obadia alijibu. “Tatizo ni sare.”

Kuhama lilikuwa wazo la kila mtu, na kila mtu alikuwa amelikataa. Wahakiki wa mradi walikuja bila taarifa, mara moja au mbili kwa mwaka, na aliyekosekana nyumbani alifutwa. Augustino, jirani yao, aliwahi kwenda Kizota kuchomelea mageti kwa wiki tatu. Aliporudi alikuta jina lake limepigwa mstari na nyumba yake imesukumwa na katapila mpaka chini. Katapila hilo ndilo mtambo pekee wa bwawa uliowahi kufika Chisogolo. Lilifanya kazi alasiri moja, likarudi lilikotoka. Pamoja nalo liliwekwa jiwe la msingi, ambalo lilifunikwa turubai ili lisichakae.

Mwaka wa tano dada yake Devota, Klara, anayeishi Nzuguni, alivunjika mguu. Devota akaenda kumwuguza, akijua hatari yake. Tangu alipovuka bikoni alihisi tumbo likivuta chini. Baada ya miezi miwili, siku ya mvua ya kwanza, alijifungua mtoto wa kiume hospitalini bila shida yoyote. Wagogo humpa mtoto jina la majira yaliyomleta, hivyo akaitwa Matonya, kwa ajili ya matone ya mvua.

Alirudi akiwa na mtoto mgongoni, na kwa bahati wahakiki hawakuwa wamefika. Aliteremka njia panda, akatembea hadi kwenye bikoni namba kumi na nne, ambako mama mkwe wake, Emiliana, alikuwa anamsubiri upande wa ndani.

“Mbukwenyi, mwanangu.”

“Mbukwa, mama.”

Devota akavuka bikoni. Mbeleko ikalegea mgongoni, tumbo likajaa mbele. Alisimama, akalishika tumbo kwa mikono miwili, akarudi nyuma hatua mbili. Matonya alikuwa mgongoni, amelala, mate yakimtoka. Akavuka tena, tumbo likarudi.

Emiliana alitazama yote hayo bila kusogea.

“Ng'ombe wa jirani yetu Mazengo walifanya hivyo mwaka juzi,” alisema. “Walizalia malishoni, nje ya bikoni, wakarudi na matumbo. Toka naye nimwone usoni, kisha tuondoke juani.”

Wakatoka wote wawili. Bibi akamwangalia mjukuu, akamtemea mate kidogo ya baraka kwenye paji la uso, akasema ana masikio ya marehemu babu yake. Kisha Devota akaingia ndani ya bikoni akiwa mjamzito, akaenda kupika mlenda.

Wiki iliyofuata alimpeleka mtoto mjini, kwenye ofisi ya Pantaleo. Alimkuta anamenya yai la kuchemsha juu ya meza. Chini ya yai ilitandazwa ramani ya Chisogolo, na maganda yalikuwa yanaangukia mtoni.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mama. Karibu uketi. Huyu ndiye yule wa miezi saba?”

“Ndiye. Naomba umwandike, aweze kukaa nyumbani kwao.”

Pantaleo alijifuta vidole kwenye pembe ya ramani, akafungua daftari na kulisoma kwa dakika kadhaa, maana hakuwa mtu wa kujibu ovyo.

“Mama, daftari lilifungwa Jumanne ile. Siku hiyo alikuwa tumboni. Nikimwandika leo, nitakuwa nimeongeza mtu, na benki haitatoa mkopo kwa daftari lililochezewa.”

“Basi iondoe hiyo tarehe yako.”

“Tarehe si yangu. Inatoka ng'ambo pamoja na fedha.”

“Na fedha zimeshafika?”

“Bado.”

“Kwa hiyo kilichofika ni tarehe peke yake.”

Pantaleo alitafuna yai, akakubali kwamba ndivyo hali ilivyo. Alimchezea mtoto kidevu kwa kidole chenye chembe za kiini cha yai, akamsifu kwa uzito wake, akamwita mtu aliyefuata. Devota alimfuta mtoto kidevu kwa upindo wa kanga hadi ngozi ikawa nyekundu.

Obadia hakulalamika. Alikata miti, akafunga nyasi, akajenga kibanda hatua kumi nje ya bikoni namba kumi na nne. Kila siku, baada ya kuchota maji, Devota alitoka, akaketi kibandani na kunyonyesha. Obadia alikuja na mbuzi wake akambeba mtoto hadi jua lilipopungua makali. Kisha mama alimpokea, akavuka, akaingia kupika, kwa kuwa wahakiki hupenda kufika jioni watu wakiwa wanakula. Wanawake wengine wawili wenye hali hiyohiyo walijiunga naye. Kibanda kilifagiliwa, kikapakwa udongo, kikawa na mtungi na kigoda cha mgeni.

Kwa kuwa Matonya alikua saa zile tu alizokuwa nje, Emiliana alizihesabu kwa kufunga mafundo kwenye kamba ya mkonge, fundo moja kwa kila saa ishirini na nne zilizotimia. Mwaka wa tisa tangu tarehe ya ukomo, kamba ilisema kwamba mtoto ana miezi saba na siku tatu. Alikuwa na meno mawili. Alishika kigoda na kujaribu kusimama.

“Huyu atatembea,” alisema Emiliana.

“Akitembea ataingia mwenyewe ndani ya bikoni, mama, na mimi niko mtoni.”

“Basi tutamfunga kamba mguuni kama mbuzi. Babu yake pia alifungwa, alikuwa mtundu.”

Mwezi wa pili wa mwaka huo ujumbe wa benki ulikuja. Yalikuwa magari kumi na moja, na mto ulikuwa na maji. Turubai jeupe lilitundikwa karibu na jiwe la msingi, ng'ombe wawili wakanunuliwa na kuchinjwa, na katika kijiji ambacho hakikuwa kimeona ndama kwa miaka tisa wageni walikula maini kwanza. Walikunywa maji ya chupa, wakanawia mengine. Mifupa waliitupa nyuma ya turubai, ikiwa bado ina nyama, na mbwa wa Chisogolo waliila mpaka wakatapika.

Baada ya chakula mtaalamu mkuu wa benki, mzee mwenye kofia ya kitambaa, alipelekwa kibandani na Shakila, afisa jamii wa mradi, aliyekuwa anamfasiria. Devota aliombwa avuke bikoni mara tatu. Alivuka mara tatu. Mtaalamu alimpima tumbo kwa utepe, akampima mtoto kwa utepe huohuo, akaandika. Aliuliza kama wanawake huvuka kwa hiari.

“Anauliza kama mnalazimishwa,” alisema Shakila.

“Mwambie mtoto wangu ana miaka minne na bado ananyonya. Mwambie nataka alale kwangu usiku mmoja.”

Shakila alifasiri kwa sentensi fupi. Mtaalamu alitikisa kichwa kwa upole, akatafuta kijiti mfukoni, akaanza kuchokoa meno.

Ripoti ilitoka mwezi wa nne, na Shakila, ambaye hakuwa mtu mbaya, alikuja kuwasomea. Ilisema kwamba katika miradi mingine ya aina hii idadi ya watu wa kuhamishwa huongezeka mwaka hadi mwaka, na gharama hupanda. Chisogolo palikuwa mahali pekee ambapo idadi ilikuwa imepungua, kutoka watu mia sita na kumi hadi mia nne na themanini na wawili, bila nguvu kutumika. Benki ilipongeza usimamizi huo na kupendekeza utumike katika mabonde mengine manne. Uamuzi kuhusu mkopo ungetolewa baada ya upembuzi mpya. Dosari iliyobainika ilikuwa moja: shughuli za watu pembezoni mwa mpaka. Iliagizwa pawepo ukanda wa kulinda bwawa, nje ya bikoni za zamani.

“Bwawa lipi?” aliuliza Obadia.

Shakila alikunja karatasi.

Wapima ardhi walifika Alhamisi saa tano asubuhi, vijana wenye adabu. Walisalimia kibandani, wakaomba maji, wakapewa kutoka kwenye mtungi. Kisha wakaendelea na kazi yao huko mbele, vichakani, ambako sauti ya nyundo ilisikika ikienda kutoka nguzo hadi nguzo. Devota alikuwa anamnyonyesha Matonya. Mtoto alikuwa amejifunza kuachia ziwa, kumtazama mama usoni, kucheka, kisha kuling'ata tena kwa meno yake mawili.

Bikoni ya mwisho ilipogongwa, mikono ya Devota ilibaki imekunjwa bila kitu. Tumbo lilimjaa. Maziwa yaliendelea kutoka, yakalowesha kanga na kudondoka kwenye kigoda. Wanawake wale wengine wawili nao walikuwa wameketi hivyohivyo.

Emiliana, aliyekuwa mlangoni, alifunga fundo la siku ile ingawa saa zake hazikuwa zimetimia. Devota alijifuta maziwa, akafunga kanga juu ya tumbo, akatazama vichakani.

“Wameifikisha wapi?”

“Nimewasikia wakisema mita mia saba,” alisema Emiliana.

Devota alichukua mtungi, akamwomba mkwewe abebe kigoda, wakaanza kutembea kuelekea huko.