Mizinga Yote Uani kwa Mzee Kasimu

Mizinga mia mbili na kumi na minne ya nyuki ilikuwa mahali pamoja: uani kwa mzee Kasimu, Magamba, kati ya jiko na banda la mbuzi. Hivyo ndivyo ramani ilivyoonyesha. Imakulata aliikuza ramani kwenye kompyuta hadi mwisho wake, akapima umbali kati ya nukta ya kaskazini kabisa na ya kusini kabisa. Mita kumi na tisa. Kila mzinga ulikuwa na jina la mwenyewe, alama aliyoichonga na mwaka alioutundika. Hayo yalitofautiana kama yalivyotakiwa kutofautiana. Mahali tu ndipo palipofanana.

Alijua kwa hakika kwamba mizinga ya magogo haitundikwi karibu na jiko. Hutundikwa juu ya miti porini, mwendo wa siku nzima kwa baiskeli, na wenyewe huenda huko wakapiga kambi wiki mbili au tatu. Kwa hiyo programu yake ilikuwa na kosa.

Alikuwa mwaka wa nne, wa mwisho, akisomea uhandisi wa programu za kompyuta katika chuo kimoja Dodoma. Mradi wake wa kumalizia masomo ulikuwa programu ya simu ya kikundi cha warina asali wa Magamba: kila mwanachama aandikishe mizinga yake, na ramani imwonyeshe mnunuzi asali imetoka pori gani. Alitakiwa kuutetea mbele ya jopo la walimu tarehe thelathini Juni. Kampuni moja ya Dar es Salaam ilikuwa imempa nafasi ya kazi kuanzia Septemba mosi, kwa barua yenye sharti moja, kwamba awe amemaliza chuo. Zilibaki siku kumi na saba.

Alikuwa amepanga chumba Mpanda mjini, upande wa stesheni, kwa sababu nyumbani kwao Magamba, kijiji cha nje ya mji, mtandao ulikuja na kupotea. Baba yake, Amosi, mrina asali pia, alikuwa huko Magamba peke yake. Mama alikuwa Kaliua akimuuguza dada yake, na Egide, kaka yake Imakulata, aliendesha lori Tunduma. Darasani kwao miradi ilifanywa wawili wawili. Mwenzake wa mradi aliahirisha masomo mwezi wa pili, na hakupangiwa mwingine. Katika kundi la WhatsApp la darasa watu walirushiana picha za kazi zao na kupongezana. Alizisoma zote, hakutuma kitu. Mtu pekee aliyezungumza naye ana kwa ana wiki ile alikuwa mwenye nyumba, mama Raya, na mara nyingi walizungumza juu ya umeme.

Siku ya kwanza aliisoma programu yake mstari kwa mstari. Siku ya pili alishuku kwamba simu ilikuwa ikishika mahali pa kwanza na kuparudia, akaandika jaribio la kulithibitisha hilo. Halikuthibitika. Siku ya tatu alitoka na simu mkononi, akatembea kutoka stesheni hadi sokoni, na njiani akasimama mara nane kuandikisha mizinga minane ya kubuni: mbele ya duka la vitenge, penye kijiwe cha bajaji, kwa wauza dagaa, na kuendelea.

Mama Raya alimwona akirudi.

"Mtu anayesimama mbele ya maduka ya watu na simu anaandika," alisema, "hapa tunamwita afisa wa kodi. Angalia usije ukapigwa."

Imakulata alimweleza kwamba alikuwa akitafuta kosa. Mama Raya akauliza kosa la nani, lakini Imakulata alikuwa ameshaingia chumbani.

Alifungua ramani. Nukta nane, kila moja mahali pake, kwa tofauti ya mita tatu hadi tano. Programu haikuwa na kosa.

Ndipo alipotazama kitu alichopaswa kukitazama siku ya kwanza, yaani saa. Fomu zote zilikuwa zimehifadhiwa Jumapili moja, kati ya saa nane mchana na saa kumi na dakika kumi. Watu kumi na wanane walikuwa wametoka kanisani, wakaenda kwa mwenyekiti wao, wakakaa uani na kupokezana simu mbili.

Alichukua bodaboda hadi Magamba mchana uleule.

Mzee Kasimu, mwenyekiti, alikuwa akisuka kamba za magome. Aliitikia shikamoo, akampa kigoda, akamwuliza habari za mjini na kama injinia wao ameshaanza kulipwa. Imakulata alimweleza pole pole: simu haijazi mahali kwa kuambiwa, inajaza pale iliposhikwa, kwa hiyo kila mmoja lazima asimame chini ya mzinga wake ndipo abonyeze. Mzee alimsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza. Alionekana kulielewa jambo hilo tangu zamani.

"Binti," alisema, "mke wangu nimekaa naye miaka thelathini na minne. Hajui mizinga yangu ilipo."

Kisha akamfafanulia. Mrina wa huku haendi na kurudi kwa njia moja. Mahali pa mizinga yake humwonyesha mtu mmoja tu maishani, miguu inapoanza kumchoka, na mtu huyo hunyamaza. Mzinga unaojulikana na wengi huvunwa na wengi, au huchomwa. Kikundi hakikuwa na kanuni hiyo katika katiba yake. Haikuandikwa popote, na ndiyo maana Imakulata hakuikuta alipofanya mahojiano mwezi Desemba. Aliuliza mizinga mingapi, ya mti gani, ya mwaka gani. Mahali alipachukulia kuwa swali kama hayo mengine. Alikuwa amekulia katika nyumba ya mrina, lakini asali ilifika nyumbani ikiwa ndani ya ndoo, na hakuna aliyemwuliza baba imetoka wapi. Alidhani hawakuuliza kwa sababu hawakujali.

"Mngeniambia," alisema.

"Tungekuambia ungefeli. Tulikaa hapa tukasema mtoto wa Amosi asifeli kwa ajili yetu. Tukajaza yote, mpaka Gideon asiyejua kusoma tukamjazia." Mzee aliikaza kamba kwa meno. "Namba si zimetimia?"

Zilikuwa zimetimia. Kumi na moja kati yake zilikuwa za Amosi. Baba yake alikuwepo Jumapili ile.

Hakwenda nyumbani. Alirudi mjini, na asubuhi akampigia msimamizi wake chuoni, Dokta Haidari, akamweleza hali ilivyo. Dokta Haidari hakukasirika. Alimkumbusha kwamba mwongozo unataka rekodi halisi zisizopungua kumi, zenye mahali, na akauliza kama kuna mwanachama hata mmoja anayeweza kukubali. Imakulata alisema hadhani. Akauliza kama anaweza kuuwasilisha mradi bila ramani.

"Ramani ndiyo mradi, Imakulata," alisema. "Bila ramani una daftari."

Alikaa na sentensi hiyo siku mbili. Siku ya tatu aliandika mistari kumi na miwili ya programu iliyochukua kila mzinga na kuutupa popote ndani ya pori, kwa kubahatisha. Kazi hiyo ilimchukua dakika tisa. Ramani ikajaa nukta zilizotawanyika kama mizinga inavyotawanyika kweli, na hakuna mtu Dodoma ambaye angepanda treni kwenda kuhakiki. Ilikuwa ramani nzuri kuliko zote alizowahi kutengeneza.

Aliikagua kama alivyozoea kukagua. Nukta ishirini na tatu ziliangukia ndani ya hifadhi ya taifa, ambako kuweka mzinga ni kosa la jinai. Kila nukta ilikuwa na jina la mtu. Mbili zilikuwa na jina la Amosi. Angeweza kuizuia programu isiingie hifadhini, hilo lilikuwa jambo la mstari mmoja. Lakini popote ambapo nukta ingeangukia, ingekuwa ni tamko kwamba mtu fulani, mwenye jina lake, alikuwa pale, na tamko lenyewe lingekuwa la uongo. Aliifuta mistari yote kumi na miwili.

Jumamosi alikwenda kwa baba yake. Alimkuta akiziba ndoo iliyopasuka kwa plastiki ya moto. Walikula ugali na maharage kwanza, wakazungumza juu ya mama na juu ya Egide. Sahani zilipotolewa, akasema alichokuja kusema.

"Baba, na wewe ulikuwepo Jumapili ile."

"Nilikuwepo."

"Mbona hukuniambia hata mimi?"

"Wewe hukuniuliza, mama. Iliuliza simu."

Imakulata alilipima jibu hilo kutafuta kasoro, akakosa. Ilikuwa kweli. Katika miezi sita hakuwahi kumwuliza baba yake swali lolote ambalo halikuwa kwenye fomu.

"Na nikikuuliza mimi?"

Amosi aliisogeza ukutani ndoo aliyoiziba. Kisha akasema kesho ni Jumapili, watakwenda keshokutwa, na simu itabaki mezani.

Walikwenda kwa baiskeli mbili hadi njia ilipokwisha, wakalala hapo, na kulipokucha wakaendelea kwa miguu. Majani ya miombo yalikuwa yameanza kukauka na kila hatua ilisikika. Amosi aligeuka kushoto mara tatu pasipokuwa na sababu. Imakulata alielewa kwamba miguu yake ilifanya hivyo yenyewe, kwa miaka thelathini ya mazoea. Mzinga wa kwanza ulikuwa juu ya mti wa mtundu, umechongwa mikato mitatu na mstari mmoja. Alimwonyesha wote kumi na mmoja. Hakueleza mengi. Penye kijito kikavu alisimama hadi alipohakikisha kwamba binti yake amekiona. Chini ya mzinga wa mwisho akasema alikuwa amepanga kumwonyesha Egide.

"Sasa nimekuonyesha wewe," alisema. "Sitamwonyesha mwingine."

Hakumwambia asiseme. Hakumwuliza atafanya nini.

Wakirudi, Imakulata alitembea nyuma yake akifanya hesabu ambayo hakuweza kujizuia kuifanya. Kichwa chake kilishika mahali vizuri, ndiyo sababu mojawapo ya kuchagua fani yake. Kwa picha ya setilaiti na kijito kile, angeweza kuiweka mizinga yote kumi na mmoja kwenye ramani kwa tofauti isiyozidi mita mia. Mwongozo ulitaka kumi.

Tarehe thelathini Juni, Dodoma, alisimama mbele ya jopo, watu watatu, akawasilisha programu yenye wenye mizinga, alama na miaka. Sehemu ya ramani alikuwa ameitoa, na katika ripoti akaeleza sababu kwa ukurasa mmoja na nusu: mbuni alikusanya mahitaji bila kuuliza ni taarifa zipi watumiaji hawazitoi, na hilo ni kosa la mbuni. Dokta Haidari, mmoja wa watatu hao, aliusoma ukurasa ule mara mbili mbele yake. Kisha akauliza kama yeye mwenyewe amewahi kuuona mzinga hata mmoja mahali ulipo.

"Nimeona kumi na mmoja."

Mwalimu wa pili aliacha kuandika. Dokta Haidari akamwambia, kwa upole ambao hakuutegemea, kwamba basi tatizo halipo. Aiingize sasa hivi, kompyuta ipo, wao watasubiri. Hata mahali pakiwa pa kukadiria, jopo litaona ramani inafanya kazi, na jambo litaishia hapo.

Alikuwa anasema kweli. Ingechukua dakika nne.

"Siwezi kuiingiza," Imakulata alisema. "Mahali hapo si pangu kupatoa."

"Ni pa nani?"

"Pa mtu aliyenionyesha."

Walimwomba atoke nje. Alisimama kwenye korido na wanafunzi wengine waliokuwa wakisubiri zamu, wawili wawili, wakifanyiana mazoezi ya maswali. Mmoja alimwuliza jopo likoje leo. Alisema ni la haki. Alipoitwa ndani aliambiwa kwamba ripoti yake ni nzuri lakini mradi haukutimiza lengo lililosajiliwa, na kwamba atautetea upya, wenye lengo jipya, katika juma la mwisho la Septemba.

Siku hiyohiyo aliiandikia kampuni barua pepe ya sentensi tatu. Jibu lilikuja kesho yake, lenye mbili: walimshukuru kwa kuwaarifu mapema, na nafasi hiyo wangempa mwingine.

Jioni baba yake alipiga simu. Mtandao ulikuwa ukikatika, akarudia mara mbili kuuliza kama imekwisha salama. Imakulata alikuwa na maelezo yote, yamepangwa kwa mpangilio wa tarehe. Aliyatazama, akaona kwamba akimweleza, baba atajua ile safari ya Jumatatu imemgharimu nini binti yake, na hatautazama tena mzinga wowote kati ya ile bila kulikumbuka hilo.

"Wamesema nirudi tena Septemba," alisema. "Kuna sehemu ya kurekebisha."

"Kubwa?"

"Ya kawaida."

Amosi alisema basi Septemba si mbali. Akamwambia kikundi kinaingia porini kurina Ijumaa, watakuwa huko wiki mbili na simu haitapatikana, asije akashtuka. Mzee Kasimu anamsalimia na anauliza kama zile namba zilisaidia.

"Mwambie zilisaidia," Imakulata alisema, na simu ikakatika kabla hajajua kama baba amesikia.