Karatasi ya Boliti

…na mkono wangu unatetemeka, lete karatasi, binti, anasema fundi Anselmo akiwa ameinama mbele ya ndege, boliti ya pangaboi bila karatasi siifungi, ndiyo sheria, na amenyoosha kiganja cheusi kwa grisi, na karatasi ninayo, niliiandika mwenyewe jana dukani kwa mjomba Hamis, namba, jina la kiwanda, halafu neno hili, mpya, kwa mwandiko ule ule ulionipatia zawadi ya madaftari kidato cha pili, kabla mjomba hajasema kusoma kwako kumetosha, mama, sasa kutumike… mpya, na boliti yenyewe ilitoka kwenye ndege iliyoanguka porini Kasansa, mkaguzi wa kutoka Dar alikaa juu ya gogo siku mbili anakata boliti moja moja kwa msumeno wa chuma, mbovu na nzima, watu wakamcheka, mimi nikacheka kuwazidi, msomi anaharibu chuma kizuri, yeye akasema nikiziacha kuna mtu atazisafisha aziuze, na alipokwenda kula mjomba akatia kumi na mbili mfukoni… nilizisugua kwa majivu na mafuta ya taa, hii ina ufa mwembamba kama unywele, ukucha wangu ulikwama hapo, nikamwonyesha mjomba, akaupaka grisi kwa kidole gumba, akasema haya, sasa uko wapi… Anselmo hatauona, inabidi niseme, maneno mawili tu, ina ufa, ndege italala hapa Mpanda, mjomba atakamatwa, na mimi na mama tutafukuzwa kwenye kile chumba cha mjomba cha Nsemulwa, basi tufukuzwe, ni watu hawa… bado unauza misumari, ananiuliza Mariana, amekalia sanduku lake jipya la bati, tulikaa dawati moja, mvua imekata reli kwa hiyo baba yake amemtafutia nafasi kwenye ndege awahi kufungua shule Tabora, si misumari, spea, namjibu, haya mama spea, nikirudi likizo nitakufundisha hesabu za kidato cha tatu, anasema kwa upole, na hesabu alikuwa ananakili kwangu, shingo imempinda kama kuku anayekunywa maji… nitasema, nasema sasa, mdomo nimeshaufungua, binti, umelala, anauliza Anselmo, na Mariana anasema msamehe, fundi, huyu siku hizi anasoma polepole, rubani anacheka, mdomo wangu unafungika… namwona yule mkaguzi, jasho linamdondokea kwenye msumeno, hakunijua mimi wala jina langu, alijua tu chuma kikibaki kizima kitafika mkononi mwa mtu, na huyo mtu siku hiyo atakuwa na sababu yake, ndiyo maana alikata hata nzima, akakosea kwenda kula… naliona pori, sanduku la Mariana limepasuka, madaftari yamesambaa kwenye nyasi, naangalia kwa muda mrefu kuliko inavyofaa, najaribu kuumia, siumii, na kumbe si mjomba aliyenifunga mdomo, wala si chumba… lete basi, anasema Anselmo, kiganja chake bado kimenyooshwa, karatasi bado iko kwangu, na mkono wangu umeacha kutetemeka.