Uchafu Mtamu wa Basil

Kama kuna mtu katika mtaa mzima wa Chanji, hapa Sumbawanga, ambaye hajaelezwa habari za amplifaya ya Basil, basi ni mgeni aliyeshuka jana kutoka Mbeya na bado hajafungua begi. Basil aliuza mahindi yake yote, akala maharage msimu mzima bila kulalamika, kisha akarudi nyumbani na sanduku jeusi zito kama mbuzi aliyeshiba. Kwa maelezo yake, hiyo haikuwa amplifaya moja. Zilikuwa amplifaya sita zilizokubali kukaa nyumba moja bila kugombana. Zungusha kifundo hiki, gita linalia kwa upole. Zungusha kile, linanguruma. Bonyeza hapa, unakuja mwangwi utadhani umekaa katikati ya kanisa kuu. Majirani walichoomba ni wimbo mmoja tu. Basil akawaambia wasubiri, bado anaeleza.

Alikuwa na ukurasa mtandaoni, "Basil Mtaalamu wa Magita", cheo alichojipa mwenyewe ili kuwapunguzia wengine usumbufu. Wafuasi wake karibu wote walikuwa ndugu zake wa kijijini Mwazye, nao walimfuata kwa sababu ukoo ni ukoo. Sasa alitaka kurekodi video ya kuionyesha amplifaya hiyo, sauti moja baada ya nyingine. Lakini chumba chake kilipakana na mashine ya kusaga, na huko nje upepo wa Ufipa haujawahi kumheshimu mtu mwenye simu. Kwa hiyo alikwenda mtaa wa Kasense kumwomba katekista, Mzee Baltazari, ufunguo wa chumba cha mazoezi ya kwaya.

Mzee Baltazari ndiye aliyekuwa baba yake Edith. Na Edith ndiye aliyeanzisha nyimbo kwenye kwaya, kwa sauti iliyomfanya baba yake afumbe macho kila Jumapili na kusingizia sala. Basil alimpenda hadi akawa anakosea nyuzi kila alipogeuka kumtazama. Wiki hiyo hiyo mshenga wake, Adolfu, alikuwa amepeleka posa, na jibu lilikuwa bado. Mzee hakuwa na neno na kijana, isipokuwa jambo moja dogo: kijana alipiga gita, na kwa Baltazari mpiga gita ni mlevi ambaye bado hajaanza kunywa. Hata hivyo ufunguo alimpa.

Sasa, wapiga gita wana lugha yao. Sauti isiyokwaruza wanaiita safi, na ile inayokwaruza na kunguruma wanaiita chafu. Hakuna ubaya wowote hapo. Kila mpiga gita anaielewa lugha hiyo, na kwa bahati mbaya ni wao peke yao wanaoielewa.

Mchana huo Baltazari alipita nyuma ya chumba kile kukagua mabati yaliyolegezwa na upepo. Alichokisikia kupitia ukutani ni sauti ya mkwe wake mtarajiwa, changamfu kabisa: "Ndugu zangu, safi tumemaliza. Sasa tuingie kwenye uchafu. Msiogope, uchafu una utamu wake! Wewe anza kidogo kidogo. Mimi nyumbani nikishafunga mlango nauachia wote. Na siku moja nitauleta hapa hapa kanisani, tuone nani atabaki amekaa."

Baada ya maneno hayo gita lililia, tena kwa nguvu, lakini mzee hakulisikia. Alikuwa ameshafika barabarani.

Jioni Basil aliitwa nyumbani kwa mzee. Alikwenda amevaa shati lililopigwa pasi, akidhani anaitiwa jibu la posa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Huo uchafu unaoufanya ukishafunga mlango, unaufanya na nani?"

Basil alishangaa sana. "Peke yangu, mzee," alisema, jibu ambalo halikumsaidia hata kidogo.

Mama Stefania, mke wa katekista, alijikunyata kwenye kanga yake. Edith, aliyekuwa akileta chai, aligeuka na sinia lake akarudi jikoni. Basil, baada ya kuelewa kilichosikika, alieleza habari za sauti safi na sauti chafu kwa kirefu, maana kwa kifupi hajawahi kueleza kitu tangu azaliwe. Mwisho akatoa simu. "Ushahidi huu hapa, mzee. Sikiliza mwenyewe."

Ushahidi ukaanza. Ikumbukwe kwamba mtaalamu wetu alikuwa ameiweka simu juu ya amplifaya yenyewe, tena akafungulia sauti hadi mwisho, kwa imani kwamba gita lisilosikika hadi mji wa Matai halijasikika. Kwenye kioo Basil alitabasamu, akasema, "Hii sasa ndiyo safi kabisa, laini, haina doa." Kisha simu ikatoa kelele za bati linaloburutwa juu ya mawe.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mtu wa haki.

"Kama hiyo ndiyo safi," aliuliza, "chafu yako ikoje? Mwambie Adolfu asijisumbue kuja tena."

Hapa utani uwekwe pembeni kidogo. Basil aliumia. Alikaa pale mikono magotini. Amplifaya yake ilikuwa na sauti sita, lakini sauti yake mwenyewe ilikuwa imekwisha.

Aliyemwokoa ni Mama Stefania. "Baba Edith, hata mwizi huhojiwa mara mbili. Kijana arekodi upya kwenye chumba cha kwaya. Mimi nitakaa humo ndani nione kinachofanyika."

Mzee alinung'unika, akakubali. "Jumapili baada ya Misa nitasikiliza. Nikisikia tena mabati, basi."

Uchungu ni mwalimu mzuri, ila ada yake kubwa. Basil, aliyekuwa akiwafundisha walimwengu, ilibidi kwanza ajifunze. Alirekodi vipande vifupi, akasikiliza, akafuta, akaanza tena. Akagundua kwamba simu ikikaribia spika mno inakwaruza yenyewe, na kwamba sauti ndogo hurekodika vizuri kuliko kubwa, ugunduzi uliomuuma kama msiba. Akaipandisha amplifaya juu ya stuli ili sakafu isivume. Ukutani akatundika mablanketi mazito, ambayo kwa baridi ya Sumbawanga hakuna nyumba inayoyakosa. Simu yake akaiweka mbali ichukue picha. Simu ya pili, ya Edith, ndiyo ingechukua sauti, na Edith mwenyewe angeishika, umbali wa mkono mmoja kutoka kwenye spika, pembeni kidogo. Mama Stefania aliketi nyuma ya bega la binti yake, akilinda maadili.

Basil akapiga kofi moja, ili baadaye picha ya simu hii na sauti ya simu ile ziweze kukutanishwa. Kisha akapiga gita. Safari hii alieleza kidogo tu, akapiga zaidi. Alipofika kwenye mwangwi, alipiga noti moja, akafumba macho, akaiacha ififie yenyewe polepole mpaka mwisho, akijistaajabia.

Kazi ya kuunganisha aliifanya Chanji, mashine ya kusaga ikinguruma ukutani, kwa visikizi vya masikioni vyenye upande mmoja tu mzima. Alichosikia kilimridhisha sana.

Jumapili, baada ya ugali wa ulezi, simu iliunganishwa na redio kubwa ya mzee, ile ya kusikilizia mahubiri. Basil aliketi pembeni kabisa ya kochi. Sauti safi ikatoka kama maji ya kisima. Mama Stefania akamtazama mumewe. Mguu wa mzee ulianza kutingishika, naye akauangalia kwa hasira kama mguu wa mtu mwingine.

Ukafika mwangwi. Noti ikapigwa, ikaanza kufifia. Na ndani ya ule utulivu, kwa kuwa simu ilikuwa imeshikwa vizuri na mablanketi yalikuwa yametundikwa vizuri, redio ikanong'ona kwa sauti ya Mama Stefania: "Na baba yako akikataa?"

Edith, mlangoni, akaweka mkono mdomoni. Lakini redio haikumwonea haya.

"Akikataa sitatoroka, mama. Nitakaa hapa hapa nimpikie ugali wake mpaka azeeke. Ila kuimba basi. Baba husikia ya ukutani. Mimi hajawahi kuniuliza."

Basil alirukia simu, ikamponyoka, ikaanguka mkekani.

"Rudisha," alisema mzee.

"Mzee, hapo ni makosa ya..."

"Rudisha."

Basil akarudisha. Mzee akasikiliza tena, ameinamisha kichwa, macho ameyafumba kama afanyavyo Jumapili, ila safari hii hakusingizia sala. Machozi yalimtoka, akayaacha.

"Hiyo," aliuliza hatimaye, "ni safi au chafu?"

"Safi, mzee," alisema Basil. "Haijaguswa kabisa."

Mzee alimgeukia binti yake. "Edith. Unamtaka huyu msemaji?"

"Namtaka, baba."

"Basi Adolfu aje. Aje mchana, akae hapa mbele yangu. Ya ukutani yamenitosha."

Hakuna aliyekumbuka kwamba video ilikuwa bado inaendelea. Redioni Basil, mchangamfu, akatangaza: "Ndugu zangu, safi tumemaliza. Sasa tuingie kwenye uchafu!"

Mzee Baltazari akanyoosha mkono kuizima redio. Kidole kikafika kwenye kitufe, kikasita.

"Kidogo kidogo," alisema, akaegemea kiti.