Mkalimani Aliyeishiwa Sauti Mchana

Mwaka wa pili baada ya uhuru, ukiwa na kesi katika korti ya Kakamega, mtu wa kwanza kumuulizia hakuwa hakimu wala wakili. Ulimuulizia Philemon Khisa, mkalimani. Hakimu alisema Kiingereza, wenye kesi walikuja na Kibukusu, Kimaragoli au Kiswahili cha kuokoteza, na Philemon alisimama katikati akichukua maneno ya huyu na kumfikishia yule bila kudondosha hata moja. Sauti yake nzito ilisikika hadi nje walikosimama mesenja, matarishi wa korti. Kwa miaka kumi na mmoja ilikuwa ndiyo riziki yake, ya mkewe Jael na ya binti yao Mideva.

Shida ilianza mwezi wa tatu. Asubuhi alisema vizuri kabisa. Ikikaribia saa sita, maneno yalianza kumtokea puani na ulimi ukawa mzito. Mistari ya hati aliiona miwili miwili. Kope zilishuka zenyewe, na mara nyingine aliegemeza taya kwenye kiganja, akijifanya anafikiri. Akishalala usiku kucha, aliamka mzima. Akajiambia ni uchovu tu.

Siku iliyomharibia ilikuwa ya kesi ya mpaka. Wakulima wawili wa Lugari, waliopewa ploti katika mashamba waliyoyaacha Wazungu, walikuwa wakigombea kijito. Shahidi wa mwisho alianza kusema saa nane mchana. Philemon alitafsiri jibu la kwanza na la pili. La tatu likamfia mdomoni. Alitaka kusema "ng'ambo ya kijito"; kilichotoka ni mvumo mtupu.

Mdai akasimama. "Bwana Hakimu, naomba mkalimani mwingine. Huyu amelewa. Mwangalie macho."

Philemon alifungua mdomo ajitetee, lakini hakuna neno lililoeleweka, na hilo likawa ushahidi dhidi yake. Hakimu alivua miwani.

"Nenda nyumbani, Khisa," alisema. "Usirudi mpaka nikuite."

Philemon alikuwa muumini wa Kanisa la Marafiki, na busaa, pombe ya kienyeji, hakuwa ameionja tangu ujana wake. Alitembea hadi nyumbani kwake Shirere akiwa ameinamisha kichwa, kwa aibu na kwa sababu shingo nayo ilikuwa imechoka kukibeba. Habari zilikuwa zimemtangulia. Jael alimpokea mlangoni. Alimvua koti na kulitundika, kisha akamwekea obusuma, ugali wa kwao, na kuku. Philemon alitafuna matonge matatu, taya likagoma. Alipokunywa maji ayashushe, yakamrudia puani.

Jael aliketi akimtazama. Siku tatu mfululizo aliendelea kumtazama hivyo, asubuhi, mchana na jioni, kama mtu anayechunga maziwa yasimwagike. Siku ya nne alimpeleka kwenye zahanati moja mapema kabla ya jua kupanda. Philemon akajibu maswali yote kwa sauti safi, wakaambiwa hana ugonjwa, akapumzike.

Njiani kurudi, Jael alisimama ghafla.

"Baba Mideva, tumekosea saa," alisema. "Tumewapelekea mtu mzima. Mgonjwa huja mchana."

Kesho yake hakumwacha apumzike hata kidogo. Baada ya chakula cha mchana walishika njia ya kwenda hospitali kuu kwa miguu, na njia nzima Jael alimtaka azungumze. Alimwambia amsimulie kesi za zamani, moja baada ya nyingine. Philemon alipotaka kunyamaza, Jael alimwuliza swali jingine. Walipofika kwenye benchi la wagonjwa, kope za Philemon zilikuwa zimeshuka nusu na sauti imekwisha.

Aliyewapokea ni daktari msaidizi aliyeitwa Kipsang, Mnandi mwembamba ambaye hakuwa na haraka. Jael alimweleza yote: asubuhi hivi, jioni vile, maji puani. Kipsang aliacha kuandika.

"Kila siku ni hivyo? Akipumzika anapata nafuu?"

"Kila siku."

Alimketisha Philemon mahali penye kivuli kwa nusu saa, kisha akamwambia, "Mzee, hesabu kwa sauti mpaka mia."

Philemon alianza vizuri. Kwenye ishirini sauti ilikuwa puani. Kwenye thelathini na nne ilizimika, midomo ikabaki inacheza peke yake. Kipsang alitoka, akarudi na daktari mkuu, Mhindi mwenye mvi, na sindano kwenye trei. Walimchoma mkononi, wakangoja.

Ilipita robo saa. Kisha Jael aliona kope za mumewe zikipanda taratibu, hadi macho yakawa yale aliyoyazoea.

"Hesabu tena," Kipsang alisema.

Philemon alihesabu hadi mia. Hakuambiwa aendelee, lakini aliendelea, akarudia kwa Kibukusu, kisha kwa Kiingereza, sauti ikijaa chumba kile hadi wagonjwa wa nje wakachungulia. Jael aligeukia dirisha akajifuta uso kwa leso.

"Dawa hii haiponyi, na nguvu yake huisha baada ya saa chache," Kipsang alitahadharisha. "Lakini imetuonyesha shida iko wapi. Ubongo wako unatoa amri sawasawa. Neva inaibeba hadi kwenye msuli. Pale vinapokutana, amri haifiki."

Philemon alifikiri kidogo. "Kwa hiyo aliyekosekana hapo ni mkalimani."

Kipsang akacheka kwa mara ya kwanza.

Kicheko hakikudumu. Picha ya eksirei ilionyesha kivuli nyuma ya mfupa wa kifua. Daktari mkuu aliinyanyua kwenye mwanga wa dirisha, akawaonyesha kwa ncha ya kalamu.

"Ni uvimbe kwenye tezi ya hapa kifuani."

"Ni kansa?" Philemon aliuliza.

"Huenda ikawa, ila ya aina inayokua polepole."

Jael alikunja uso. "Daktari, kitu cha kifuani kinafikaje kwenye ulimi?"

"Hatujui lote, mama. Tunadhani tezi hii inahusika na kinga ya mwili. Ikishapata uvimbe, kinga inachanganyikiwa na kuanza kushambulia mwili wenyewe, pale neva inapokutana na msuli. Wataalamu bado wanabishana. Lakini wapo waliotolewa uvimbe huo huko Nairobi wakapata nafuu. Wapo pia ambao pumzi iliwashinda baada ya upasuaji. Siwezi kuwaficha."

Philemon alimtazama mkewe, kisha ile picha. "Nitakwenda," alisema.

Walipanda treni Kisumu, Philemon akiwa na chupa ya tembe alizopewa hospitalini mfukoni. Walipopita Nakuru, Jael alianza kusema akiwa amekodolea macho nje.

"Kuna jambo limenikaa moyoni. Tangu mwezi wa tatu, kila nilipokuvua koti jioni, nilikuwa nanusa pumzi yako."

"Nilijua."

"Na hukusema?"

"Ningesema kwa mdomo upi, Mama Mideva? Jioni sikuwa nao."

Jael akacheka huku analia, na Philemon akamshika mkono. Hawakuachiana mpaka kituo kilichofuata.

Huko Nairobi mfupa wa kifua ulipasuliwa, uvimbe ukatolewa, mkubwa kama yai la bata. Ilikuwa kansa kweli, lakini ilikuwa bado imefungika ndani ya ganda lake, haijatambaa kwenye mapafu wala moyo. Siku mbili Philemon alipumua kwa msaada wa mashine. Siku ya tatu alipumua mwenyewe. Nguvu hazikurudi kwa mkupuo. Zilirudi kwa vijiko: wiki hii supu, wiki nyingine ndizi laini, na mwezi wa nne baada ya upasuaji, mguu wa kuku, akautafuna mpaka mfupa. Tembe aliendelea kumeza, chache kuliko mwanzo.

Kipsang alikuwa amemwandikia hakimu barua. Philemon alipoitwa tena kortini, mwanzoni mwa mwaka mpya, alikuta benchi zimejaa, na Jael amekaa nyuma kabisa. Kabla ya kesi ya kwanza hakimu alisimama, jambo ambalo halikuwa kawaida yake, akasema maneno machache kwa Kiingereza. Kisha akamgeukia mkalimani wake.

Philemon alielewa. Alisafisha koo.

"Hakimu anasema," alitafsiri, "kwamba mwaka jana, mbele ya watu, mkalimani wa korti hii alidhaniwa mlevi. Hakuwa amelewa, alikuwa mgonjwa. Korti haikuuliza." Hapo alisita kidogo, kwa kuwa sentensi iliyofuata ilikuwa ngumu kumtoka. "Hakimu anasema alikosa, na anamwomba mkalimani radhi."

Akayarudia kwa Kibukusu, kisha kwa Kimaragoli, bila kupunguza neno. Watu wakapiga makofi, mesenja akawanyamazisha. Kesi ya kwanza ikaitwa, ya mwanamke wa Lubao aliyeibiwa mbuzi wawili, na Philemon akamgeukia amsikilize.