Wa Pili Kutoka Kushoto

Cleopa alichonga vinyago nyumbani kwake Kilosa na kuviuza Mikumi, kwenye kibanda kando ya barabara kuu. Wageni wa mbugani walitaka twiga, tembo na simba. Kwa hiyo Novemba moja Mzee Hayashi, Mjapani wa miaka karibu themanini, alipomwomba amchongee manowari, Cleopa alicheka.

Mzee hakucheka. Kelvin, dereva aliyekuwa akimtembeza, alitafsiri: kabla ya vita kuu ya pili Japani iliunda manowari nzito nne za aina moja. Mojawapo, Haguro, ilizamishwa mwaka 1945 na baba yake akiwa ndani. Mama yake alikuwa na mimba yake ya miezi mitano.

Alitoa picha mbili. Moja, ya meli yenyewe, ilikatwa kitabuni, imefifia. Nyingine ilikuwa ya mabaharia waliojipanga sitahani, chini ya mizinga.

"Aniachie hii ya mabaharia," Cleopa alisema. "Mizinga inaonekana vizuri."

Kelvin akatafsiri. Mzee akasita.

"Anasema hana nyingine ya baba yake. Huyu hapa, wa pili kutoka kushoto."

"Mwambie kwangu itakuwa salama."

Jioni ile mkewe, Selestina, aliitazama picha kwa muda. "Baba Loveth, ipige picha basi, hata kwa simu."

"Nitaipiga."

Hakuipiga. Kazi ilimnogea. Mizinga kumi, miwili miwili, makundi matatu mbele na mawili nyuma. Tangu ashike patasi hakuwahi kuchonga kitu kwa raha namna ile.

Februari mto Mkondoa ukafurika alfajiri. Walitoka na watoto na nguo za mwilini tu. Maji yalipopungua, meli ilikutwa imekwama kwenye uzio wa jirani, nzima. Picha, aliyokuwa ameibandika ukutani, hawakuiona. Waliitafuta topeni siku tatu.

Julai mzee akarudi. Cleopa alikuwa ameandaa uongo njia nzima kutoka Kilosa, kwamba wezi walivunja. Lakini mzee alipoipapasa meli kutoka omo ya mbele hadi tezi ya nyuma, uongo ulikataa kutoka. Akasema kweli.

Mzee alikaa kwenye gogo. Kisha akamgeukia Kelvin.

"Anasema wewe umeishi na picha ile miezi mitatu. Yeye uzee unamnyang'anya sura ile. Mwelezee, baba yake alikuwaje?"

Cleopa alifumba macho. Aliona mizinga, ngazi, kamba, hata kivuli cha mlingoti. Wa pili kutoka kushoto hakuwa na uso. Angeweza kubuni tabasamu, na mzee angeondoka nalo.

"Sikumtazama," alisema. "Nilitazama meli."

Kelvin alitafsiri polepole. Mzee alivua koti, akaifunga meli ndani yake, akainamisha kichwa kidogo, akaingia garini.

Baadaye Selestina alipiga simu. "Ameipenda?"

"Ameichukua," Cleopa alijibu.