Picha ya Kifua

Kila mwaka chuo cha misitu alichofundisha Mwalimu Ibtisam Hilali, pale Tabora mjini, kilipata nafasi mbili za kupeleka wanafunzi Finland kwa mwaka mzima. Na kila mwaka walioomba walikuwa wale wale: mtoto wa daktari, mtoto wa mkurugenzi, mwenye mjomba Ulaya. Wale ambao katika ukoo wao hakuna aliyewahi kukanyaga chuo walilisoma tangazo ukutani, wakapita kwenda kula.

Jambo hilo lilimkera Ibtisam. Yeye alizaliwa katika nyumba ya wafanyabiashara wa Kiarabu, ambako kaka zake walikwenda Maskati kusoma kama watu wanaokwenda sokoni. Alijua hawa wengine hawakupungukiwa akili. Hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba tangazo lile linawahusu.

Akawaita wawili ofisini: Adriano Lugembe wa Usinge, na Getruda wa Tura.

"Mtaomba," aliwaambia. "Siwaulizi kama mnataka."

Getruda alicheka kwa aibu, akasema bibi yake hatakubali. Adriano hakucheka. Aliuliza, "Mwalimu, wale wa Finland wanakata miti kila siku. Misitu yao haiishi kwa nini?"

Ibtisam akajua huyu ameshaondoka, umebaki mwili tu.

Getruda aliomba akawekwa wa akiba, lakini bibi yake akamkataza kwenda. Majibu ya Adriano yalipokuja mazuri, Ibtisam alikwenda Usinge kuzungumza na wazazi. Mzee Raymundi, mkulima wa tumbaku, alimpokea uani karibu na bani la kukaushia majani. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema:

"Mwalimu, huyu kijana nilimkosa miaka mitatu alipokwenda Nzega kutafuta ada. Alikuwa anauza duka la mtu. Amerudi juzi tu, na wewe unampeleka mbali zaidi. Akifia huko, nani atamleta?"

"Nitamleta mimi, mzee wangu."

Raymundi aliokota jani la tumbaku, akalikunja. Mkewe, Advera, akasema kutoka jikoni, "Mwache aende, baba Adriano. Sisi tuliobaki hapa tumepata nini?"

Mzee akakubali, lakini siku ile hakula.

Kabla ya viza ilitakiwa picha ya kifua. Ibtisam alimsindikiza Adriano Mwanza, hospitali. Daktari aliibandika picha kwenye taa, akaisogelea, halafu akauliza:

"Umewahi kufanya kazi machimboni?"

Adriano alimtazama mwalimu wake kwanza, ndipo akajibu. "Miaka mitatu, Nzega. Nilikuwa kwenye karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Vumbi lake jeupe kama unga. Tulikuwa tunafunga kitambaa puani."

"Kikohozi kilianza lini?"

"Kipo siku nyingi. Nilidhani ni moshi wa bani."

"Kingekuwa kifua kikuu ningekupa dawa, ukapona," daktari alisema. "Hili ni vumbi la mawe. Limeshageuka makovu, na makovu hayo hayatoki. Yataendelea kukua."

Njiani kurudi Adriano aliegemea dirisha la basi. Walipoipita Nzega hakugeuza shingo kutazama nje. Alisema tu, "Mama usimwambie habari za karasha. Anajua nilikuwa dukani."

"Atauliza, Adriano."

"Basi mwambie baba. Baba anaweza kunyamaza."

Shule ya Finland ilijibu kwa upole kwamba haiwezi kumpokea mtu mwenye mapafu hayo kwa kazi za msituni, kwenye baridi ile. Nafasi ikabaki wazi. Ibtisam hakuwa na moyo wa kumtafuta mwingine. Kwa juma zima aliingia darasani, akafundisha, akatoka.

Likizo ilipofika Adriano hakumuaga mtu. Alipanda treni mpaka Tura, nyumbani kwa Getruda. Toka stesheni hadi kwa bibi si mbali, lakini alipumzika mara kadhaa, na alipofika alikalia kigoda akihema, asiweze hata kuamkia. Bibi Dafrosa alimletea maji. Alipokunywa ndipo akasema, "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Unaumwa?"

"Naumwa. Nimekuja kwa ajili ya Getruda. Nafasi yangu ipo."

Getruda alikuwa amesimama mlangoni, machozi yanamtoka. "Siwezi kwenda kwa mgongo wa ugonjwa wako."

"Ukibaki Tura nitapona?"

Bibi ndiye aliyejibu. Alimlea Getruda tangu akiwa wa kubebwa, na waliokwenda mbali aliwajua, wengine hawakurudi. "Mtoto ni huyu mmoja," alisema. "Huko ni mbali mno. Naogopa."

"Bibi," Adriano alisema polepole, akivuta pumzi kati ya maneno. "Nilipokwenda Nzega hakuna aliyeogopa. Ni hapa tu, basi la asubuhi. Hakuna aliyenishika shati akaniambia usiende. Na Nzega ndiyo imeniua. Huko mnakokuogopa watu wanasoma, wanarudi."

Bibi Dafrosa aliinamisha kichwa. Mwishowe aliingia ndani, akarudi na khanga yake mpya ya kwendea kanisani, akampa Getruda.

Getruda akaondoka kwenda Finland. Adriano naye alirudi Usinge, maana ngazi za bweni zilikuwa zimeshamshinda. Kiangazi kilichofuata alikuwa hawezi tena kulala chali. Alilala ameketi, ameegemezwa ukutani, na mama yake akimpepea. Alifariki kabla mvua hazijaanza.

Ibtisam alikwenda mazikoni. Baada ya sala, Raymundi, aliyekwisha kuambiwa habari za karasha, alimfuata alikoketi na wanawake.

"Mimi nilikuwa naiogopa Finland," alisema.

Simu ya Ibtisam ikaita. Alikuwa Getruda, analia, anasema anafunga mizigo, hawezi kukaa darasani wakati mwenzake anafukiwa. Ibtisam alijaribu kumtuliza, akashindwa. Raymundi akanyoosha mkono, akaichukua simu.

"Mwanangu, ni mimi baba yake Adriano. Usirudi kwa ajili ya kaburi. Kaburi lipo tu, utalikuta. Kaa usome." Akasikiliza kidogo. "Lia, lakini ukae."

Akarudisha simu, akaenda nyuma ya bani peke yake. Watu wakamwacha.

Muhula mpya ulipoanza, Ibtisam alisimama mbele ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Alikusudia kuwaambia habari za nafasi za nje, kama alivyowaambia wenzao. Badala yake aliuliza:

"Nani hapa alitafuta ada machimboni?"

Kijana mmoja wa nyuma akainua mkono nusu, akauteremsha, akauinua tena. Kisha msichana karibu na dirisha. Kisha wengine, safu kwa safu, mpaka Ibtisam akaacha kuhesabu.

Juma lile aliwapeleka wote kupigwa picha za kifua. Habari za Finland aliwaambia baadaye, wale ambao picha zao zilitoka safi.