Mama Mkwe wa Mchungaji Gordon

Kabla ya kuokoka, Gordon Obiero alikuwa dalali wa samaki, na sauti ile ile ya kunadia samaki ndiyo aliyoingia nayo kanisani. Mtu huyu hakuwa anahubiri, alikuwa ananadi. Ukikaa kiti cha nyuma katika kanisa lake la mabati pale Asembo Bay ulimsikia kama umekaa mbele, na ukikaa mbele ulirudi nyumbani masikio yakilia.

Kanisa lenyewe liliitwa Maji Tele. Imani yao ilikuwa fupi na haikuwa na kona: asiyezamishwa mwili mzima hajabatizwa, na asiyebatizwa hazikwi na kanisa. Waliowahi kunyunyiziwa maji utotoni katika makanisa mengine, Gordon aliwaambia walinawishwa uso tu. Siku moja alimrudisha mama mmoja, Seline, ndani ya ziwa huku akitetemeka kwa baridi, kwa sababu kiwiko chake kilibaki kikavu.

Lakini jina la Gordon halikufika Kisumu kwa sababu ya maji. Lilifika kwa sababu ya mila. Kwa Wajaluo, mwanamume hamshiki mama mkwe wake mkono, hali naye meza moja, wala hamkazii macho. Akimwona njiani huingia kichakani mpaka apite. Gordon alisimama Jumapili moja akasema hilo ni giza tupu. "Kwa Kristo hakuna mkwe," alinadi, "kuna ndugu na dada." Mwangalizi wa makanisa yao, Ndung'u, mtu wa Murang'a aliyekuwa akiuza viatu mjini Kisumu, aliyapenda mahubiri hayo kupita kiasi. Akayatia kwenye kaseti. Kaseti ikauzwa mpaka Sondu, na watu wakaanza kunong'ona kwamba kanisa kubwa la mjini likikosa mchungaji, Gordon ndiye atakayeitwa. Gordon aliisikia minong'ono hiyo na hakuizima.

Aliyeumia kwa mahubiri hayo ni Ochieng, fundi wa mashua. Katika sikukuu ya mavuno Gordon alimketisha makusudi meza moja na mama mkwe wake, ili kanisa zima lione giza likifukuzwa. Ochieng alichukua sahani yake akaenda kula nyuma ya jiko. Jumapili iliyofuata akafungiwa: asiguse meza ya Bwana wala asiimbe kwaya mpaka atubu. Hakutubu. Hakuhama pia. Kila Jumapili alikuja na debe lake, akalipindua chini ya dirisha, akakaa nje na kusikiliza ibada mpaka mwisho. Jambo hilo lilimkera Gordon kuliko kama mtu huyo angeenda kulewa.

Na Gordon mwenyewe je? Mama mkwe wake, Beldina, aliishi Usenge, mbali ya kutosha. Miaka yote ya ndoa yake, kila alipokwenda kule, alimsalimia akiwa upande wa pili wa boma huku akiangalia miti. Hakuiita mila. Aliona tu kwamba boma la watu wale ni pana.

Kisha baba mkwe akafa, na ndugu za marehemu wakamwambia Beldina achague mmoja wao amrithi, kama ilivyo desturi. Beldina akakataa. Alikuwa amesikia kaseti za mkwe wake, na mojawapo ilisema mjane si kuku wa kurithiwa. Tena alikuwa amewaona wajane wenzake waliorithiwa miaka ile ya ugonjwa, jinsi walivyokonda na kufuatana makaburini. Shemeji zake hawakumpiga wala kumtukana. Walimwambia neno moja tu: "Basi ukifa, hao waimbaji wa kaseti waje wakuzike."

Beldina alilichukua neno hilo kama lilivyo. Alifunga leso zake akaja Asembo Bay, akamwambia binti yake Lornah kwamba anataka kuzamishwa, ili siku yake ikifika kanisa limzike kama mtu.

Lornah alimpa mumewe habari hiyo wakati wa chakula.

"Mama anataka kubatizwa Jumamosi ya ubatizo."

"Na nani?" Gordon aliuliza.

"Pasta hapa ni nani?"

Gordon akalirudisha tonge la ugali sahanini. Maana ubatizo wa Maji Tele ulikuwa na namna yake. Mchungaji anaweka mkono mmoja nyuma ya shingo, mwingine kiunoni, anamlaza mtu chali mpaka maji yamfunike, kisha anamwinua. Gauni la ubatizo ni jeupe na jepesi, na likilowa halifichi kitu. Gordon aliwahi kuwabatiza wake za watu, mama za watu na bibi za watu, na hakuwahi kuona shida, kwa kuwa hawakuwa wakwe zake. Sasa angemkumbatia mama mkwe ndani ya maji mbele ya ufuo mzima. Aliyaona hayo mara moja, na mwili ukamsisimka kama mtu aliyekanyaga nyoka. Akasema ni jambo la kumshukuru Mungu, akasukuma sahani pembeni.

Mama mkwe halali nyumba ya mkwe wake. Gordon akampeleka kwa Perez, mzee wa kanisa wa kina mama, akieleza kwamba paa la nyumba ya mchungaji linavuja. Lilikuwa paa jipya, na kila mtu alijua, kwa sababu lilinunuliwa na sadaka yao.

Akapanda gari kwenda Kisumu kumwona Ndung'u. Alimkuta dukani akimvalisha mteja kiatu, akaomba Mwangalizi aje abatize yeye mwenyewe mara hii. Alisema mgongo unamsumbua. Ndung'u akaweka kiatu chini, akamshika mgongo, akauombea kwa nguvu mpaka wauzaji wa jirani wakachungulia, kisha akatangaza kwamba umepona.

"Halafu nimesikia mama mkwe wako ni mmoja wao," alisema, uso unang'aa.

"Ndiyo."

"Unaona jinsi Mungu anavyofanya kazi? Ulihubiri, sasa utaonyesha. Nitakuja na wageni. Nitakuja na rekoda."

Gordon alitaka kumweleza. Lakini amweleze nini, naye Ndung'u amesikiliza kaseti ile mpaka anaijua kwa moyo? Akarudi nyumbani na mgongo mzima na roho inayougua.

Likabaki tumaini moja, nalo lilikuwa gugumaji. Mwaka ule lilikuwa limefunika ghuba kama shamba la sukuma wiki. Mashua hazikutoka, samaki hawakuuzwa, na mahali pa ubatizo palikuwa pamezibwa hata bata asingeweza kuoga. Kila jioni kanisa lilikusanyika ufuoni kuomba Bwana aliondoe. Gordon aliongoza maombi hayo kwa sauti yake yote. Kisha akienda nyumbani peke yake alimwomba Bwana, polepole, asiharakishe.

Bwana alisikiliza maombi ya kanisa. Ijumaa upepo ukageuka, na Jumamosi asubuhi ghuba ilikuwa wazi, maji yanameremeta. Wavuvi walicheza. Lilibaki fungu moja tu la gugumaji, kubwa kama nyumba, limekwama kwenye nguzo ya gati la zamani. Watu walimpongeza Gordon kwa maombi yake, naye akajibu amina kama anayemeza kwinini.

Ndung'u alifika na wageni wake, na rekoda ikawekwa juu ya kiti cha kanisa pale mchangani. Ochieng naye alikuwepo. Hakukaa kwenye debe siku hiyo. Alikuwa ndani ya mtumbwi alioutia kiraka, ameusukuma kando ya lile fungu la gugumaji, eti anaujaribu kama unavuja. Hakuna aliyedanganyika. Amekuja kuona kama Gordon atamshika mama mkwe wake.

Vijana walizamishwa kwanza. Kisha Beldina akaingia majini. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, na hakutembea kama mtu anayeogopa maji. Alimpita mkwe wake bila kumtazama, akazunguka nyuma ya lile fungu, mahali ambapo watu wa ufuoni hawakumwona tena. Gordon akamfuata akasimama ukingoni mwa fungu, akionekana kutoka ufuoni, maji kiunoni, uso umeelekea mlima wa Homa ng'ambo ya ghuba.

Beldina aliongea chini chini, kwa Kijaluo, na ni Gordon na Ochieng tu waliosikia.

"Mkwe wangu, usiniguse. Sitaki kuzikwa kama mbwa, lakini pia sitaki chira, laana ya kuvunja mwiko, iwaingie watoto wa binti yangu. Wewe angalia huo mlima na useme maneno yako. Mimi nimezaliwa kwenye ziwa hili. Kuzama najua mwenyewe."

Gordon akautazama mlima wa Homa kama mtu anayetaka kuununua. Akanadi maneno ya ubatizo. Nyuma yake maji yakalia, yakanyamaza, yakalia tena. Aliposikia kina mama wameanza wimbo alijua Beldina amekwisha zunguka na kutoka, Perez amemfunga leso. Akashusha pumzi. Alidhani imekwisha.

"Pasta." Ilikuwa sauti ya Ndung'u, na wimbo ukakatika. "Mbona mikono yako haikuonekana ikishuka?"

"Amezama mwenyewe, Mwangalizi."

"Amezama mzima?"

"Mzima."

"Umemwona kwa macho yako?"

Swali hilo halikuwa baya. Lilikuwa sheria ya Maji Tele, na Gordon ndiye aliyeikaza kwa kiwiko cha Seline: anayebatiza sharti aone mwili wote umefunikwa. Gordon akafungua kinywa, kisha akaona shimo. Akisema ameona, basi amekiri mbele ya kijiji kwamba amemkodolea macho mama mkwe wake akiwa amelowa, na aibu hiyo ni ya Beldina kuliko yake. Akisema hakuona, ubatizo haupo, na mjane huyu anarudi Usenge kwa shemeji zake bila mtu wa kumzika. Na kanisa la mjini, na kaseti, vilikuwa pale juu ya kiti, vikizunguka.

Kwa mara ya kwanza siku hiyo macho yake yalikwenda upande wa Beldina. Aliona miguu yake tu, imejaa mchanga, inatetemeka.

"Sikuona," alisema. Sauti ya dalali ilikuwa imekwenda. "Huyo ni mama mkwe wangu. Sikuweza kumwangalia."

Mtu mmoja alicheka nyuma, akajizuia. Ndung'u alimtazama Gordon kama anayetazama kiatu kilichorudishwa na mteja.

"Basi hajabatizwa," akasema.

Gordon akageuka majini. "Ochieng," aliita. "Wewe ulikuwa upande huu. Umeona?"

Ochieng hakuharakisha. Aliweka kafi lake ndani ya mtumbwi kwanza.

"Mimi nimefungiwa, Pasta. Macho ya mtu aliyefungiwa yanahesabika?"

"Ulifungiwa kwa kosa gani?" Ndung'u akauliza kutoka ufuoni.

"Nilikataa kumwangalia mama mkwe wangu akila."

Hapo hakuna aliyejizuia. Kwaya ilicheka, wageni walicheka, hata Seline, ambaye kiwiko chake hakijasahau. Gordon alisimama katikati ya kicheko hicho kama nguzo ya gati, akangoja kipungue.

"Kosa lilikuwa langu," alisema. "Nimekufungua. Jumapili ingia ndani. Sasa waambie, umeona au hukuona?"

"Nimeona. Amezama wote. Kiwiko, kisigino, mpaka kitambaa cha kichwa. Wewe hujawahi kumzamisha mtu namna ile. Na nimeangalia vizuri, kwa sababu nilikuja kuangalia kama utamshika. Sikupepesa jicho."

Ndung'u alitaka kuuliza zaidi. Beldina akamtangulia.

"Bwana mkubwa, mkinikubali mnikubali, mkinirudisha mnirudishe. Lakini mimi nasikia baridi."

Ndung'u aliwatazama wageni wake, akatazama ziwa, akasema shahidi ametosha. Wimbo ukaanza upya.

Kanisa kubwa la mjini lilipewa mchungaji mwingine, kijana kutoka chuo. Kaseti ya siku ile Ndung'u hakuiuza. Haikuwa na haja ya kuuzwa; mmoja wa wageni aliinakili, na kabla ya mwezi kuandama ilikuwa inachezwa vibandani mpaka Sondu, bure, na watu wakirudisha nyuma pale penye kicheko. Gugumaji lilirudi siku chache baadaye. Maombi ya jioni yakaendelea, na sasa Gordon aliomba neno moja tu, lile lile ufuoni na nyumbani.

Ochieng aliingia kanisani Jumapili. Aliingia na debe lake, akalipindua karibu na mlango wa ndani, kwa maelezo kwamba viti vya kanisa vinamuumiza.

Beldina alirudi Usenge akawaambia shemeji zake kwamba wa kumzika wapo, na wasijisumbue. Amekwisha wazika wawili wao. Kila mwaka huja Asembo Bay kwa sikukuu ya mavuno, hulala kwa Perez, na hula na kina mama.

Mara ya kwanza alipokuja, alikuwa akishuka njia ya ufuoni na Lornah wakati Gordon akiipanda. Gordon aliwaona kwa mbali. Akatazama kulia na kushoto, akakohoa, akaingia kichakani na suti yake ya Jumapili.

Beldina alipofika hapo hakusimama wala kugeuza shingo.

"Bwana asifiwe, Pasta," alisema.

"Amina," kichaka kikajibu.